Mimi Ndiye Niliyemsomea Nyanya



Wengi wetu hapa ni wanafunzi wa kutwa. Jioni tunarudi nyumbani, na huko nyumbani sisi ndio wasomi. Barua ya chifu ikija, ni sisi. Karatasi ya dawa, ni sisi. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya nyanya utasikia, "Hebu njoo unisomee hapa, macho yamechoka." Nawauliza wenzangu: tunaposoma, huwa tunajua tunachokisoma?

Mimi sikujua. Mwaka wa 2020 nilikuwa darasa la tano. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, na siku mbili baadaye rais akatangaza shule zifungwe. Basi tukakaa na simu. Alfajiri moja tuliamshwa tukanywe chai ya rangi, ati jua likichomoza kabla hujainywa, korona ni yako. Tukanywa. Hiyo haikutudhuru, tulipoteza majani tu. Ujumbe uliofuata ndio uliotuumiza. Ulisema atakayekohoa hospitalini atabebwa karantini na harudi tena. Nyanya ana ugonjwa wa sukari, na wakati huo alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa wiki hiyo. Nilimsomea ujumbe ule mara mbili, tena kwa sauti ya mtangazaji wa redio, manake nilipenda kusifiwa. Hakwenda. Alikaa miezi miwili akikiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Alipopelekwa hatimaye, kidole kilikuwa kimeharibika kabisa, kikakatwa.

Wakubwa huniambia sina kosa, nilikuwa mtoto. Sawa. Lakini ujumbe wenyewe haukuwa na jina la mwandishi, wala tarehe, wala mahali. Mwishoni uliandikwa "watumie watu 20". Hata mtoto angeuliza, huyu anayenituma ni nani? Tena haukuwa uongo mtupu, na hapo ndipo penye mtego. Karantini ilikuwapo kweli, na waliotiwa humo walilalamikia gharama. Uongo ulipanda mgongoni mwa ukweli ukafika kwetu.

Si kwetu peke yake. Nchini Iran, mwaka uo huo, mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, baada ya uvumi kwamba pombe huua virusi. Spiriti huua virusi kweli, ila ni ya kujipaka mikononi!

Najua kuna watakaosema, mbona hata wakubwa wa afya walitugeuzia maneno? Ni kweli. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani lilisema barakoa ni za wagonjwa na wanaowahudumia. Ilipofika Juni 2020 likazishauri serikali ziwahimize watu wote wazivae penye msongamano. Mimi naona mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Anayesema "jana tulijua hivi, leo tumejua zaidi" amekuonyesha jina lake na sababu zake, unaweza kumdai. Yule wa "watumie watu 20" utamdai wapi? Ila nao wangetuambia mapema, bila kuona haya, kwamba ugonjwa ni mgeni na hawajaujua wote, wangetupunguzia mashaka.

Sasa ombi langu. Katika ufahamu mwalimu wetu hutuuliza mwandishi ana maana gani. Siku moja atuletee ujumbe wa simu badala ya hadithi, atuulize: mwandishi ni nani, amejuaje, anataka nini kwetu, na nani mwingine asiyemjua amesema vivyo hivyo? Alama kumi. Nao ubao wa matangazo wa chama, ambao hadi leo una ratiba ya mwaka jana (mwenyekiti anisamehe), ubandikwe uvumi wa wiki pamoja na majibu yake.

Nyanya bado ananiita. Juzi uliingia ujumbe wa mafuta yanayoponya sukari kwa siku saba. Nikamwambia, "Nyanya, huu hauna mwenyewe." Akacheka, akaunyoosha mguu wake juani, akasema niusome tu asikie uongo wa siku hizi unavyotungwa. Nikausoma. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kliniki, nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, tukaenda.