Kigari cha Mapacha Kisubiri Arobaini



Ndugu wasomaji, akina baba na akina mama, leo nimeomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo: kigari cha kusukumia mapacha. Mimi ni mama wa mapacha, wa kike na wa kiume, na tunaishi Nyamirambo hapa Kigali. Ninajua furaha inayoingia nyumbani daktari anaposema "wako wawili". Simu zinapigwa, wazee wanataja majina ya Gakuru na Gato, wengine wanasema Hassan na Hussein, na kabla mama hajafikisha hata mwezi wa nane watu wanaanza kuuliza: "Kigari mmeshanunua?"

Rai yangu ni kwamba msinunue bado. Subirini watoto wazaliwe, arobaini ipite, kisha mnunue kwa kupima na si kwa kupendezwa na picha. Wanaoona nimezidisha naomba wanisikilize kwanza.

YALIYONIKUTA

Shemeji yangu anayefanya kazi ng'ambo alitutumia kigari miezi miwili kabla ya kujifungua. Allah amlipe kheri, nia yake ilikuwa njema. Kilikuwa kizuri kweli: viti viwili ubavu kwa ubavu, kitambaa cha buluu, na mahali pa kuwekea chupa. Majirani walikuja kukitazama kama wanatazama gari jipya.

Watoto wetu walikuja mapema, wiki ya 34, kila mmoja hakufika kilo mbili. Wiki ya tatu tuliitwa kituo cha afya kuwapima uzito. Mume wangu alikuwa kazini, nikasema si kigari kipo? Nikawaweka ndani, nikawafunga mikanda, nikashuka nao taratibu.

Sikufika mbali. Mama mmoja mtu mzima anayeuza matunda njiani alichungulia awasalimie watoto, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, mtoe huyu. Hapumui vizuri." Mtoto wa kiume alikuwa amejikunja, kidevu kimegusa kifua, midomo imebadilika rangi. Nilimfungua huku mikono inatetemeka. Nilipomwinua alilia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Alhamdulillah. Kama mama yule angenyamaza, mimi ningeendelea kusukuma nikidhani mtoto amelala.

Muuguzi alipotuona alinieleza kwa upole jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: kile hakikuwa kigari cha mtoto mchanga. Kilikuwa cha mtoto anayeweza kukaa.

KWA NINI MTOTO MCHANGA ALALE

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko nguvu ya shingo yake. Ukimweka kwenye kiti kilichoinuka, kichwa huangukia mbele, na njia yake ya hewa, ambayo ni nyembamba, hujikunja. Halii wala hapigi kelele. Anapungukiwa na hewa kimya kimya. Ndiyo maana viti vingi vya kukaa huandikwa kwamba ni vya kuanzia miezi sita. Kabla ya hapo mtoto anatakiwa alale chali, mahali bapa.

Kwa mapacha jambo hili ni zito zaidi. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, na wengi wao huwa chini ya kilo mbili na nusu. Kwa hiyo mzazi wa mapacha anapokwenda dukani, mara nyingi ananunulia watoto wadogo na dhaifu kuliko wale waliofikiriwa na aliyetengeneza kigari. Na ukinunua kabla hawajazaliwa, unanunulia watoto ambao hujui watakuja lini wala watakuwa na uzito gani.

AROBAINI INATOSHA BILA KIGARI

Mila yetu ya arobaini inatusaidia hapa. Mama anapumzika nyumbani, watu wanakuja kwake, yeye haendi kwao. Sasa kigari cha kazi gani katika siku hizo? Kinakaa sebuleni kupigwa vumbi na kupigiwa picha.

Watoto wadogo namna hii wanachohitaji zaidi ni kifua. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey alianza kuwafunga watoto njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu hospitali ilikuwa na msongamano na vifaa havikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia hiyo kwa watoto waliozaliwa njiti au na uzito mdogo, na mwaka 2022 lilisema ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Baba pia ana kifua! Mume wangu alikuwa anamfunga mmoja kwa kitenge kila akirudi kazini, nami namfunga mwingine. Wakipata joto walitulia.

Siku za kituo cha afya, yaani kupima uzito na chanjo ya wiki ya sita, tafuteni mtu wa pili. Kila mtu mzima abebe mtoto mmoja kifuani, uso wa mtoto uonekane, kidevu kisigande kifuani. Mgongoni kusubiri mpaka shingo ikaze. Nyanya, shangazi au jirani akikuuliza "nikuletee zawadi gani?", mwambie: "Njoo unibebee mtoto mmoja siku ya chanjo." Zawadi hiyo haiuzwi dukani.

SIKU YA KUNUNUA IKIFIKA

Baada ya arobaini mama anahitaji kutoka, na hapo kigari kina faida kubwa. Haya ndiyo ninayoshauri yaangaliwe:

1. Kilale bapa, pande zote mbili. Wauzaji wengine wanasema "kinalala" kumbe kinalala nusu tu. Kilaze mwenyewe pale dukani utazame. Kiwe na vitanda viwili vya kulalia, au viti viwili vinavyolala kabisa. Kingine kina upande mmoja bapa na mwingine wa kukaa. Hicho ni cha mtoto na kaka yake mkubwa, si cha mapacha.

2. Pima mlango wako. Vigari vya ubavu kwa ubavu vingi vina upana wa karibu sentimita 75 hadi 80. Milango ya nyumba nyingi za kupanga haifiki hapo. Chukua tepu ya fundi cherehani upime mlango wa nyumba, geti dogo, na lile zege la kuvukia mtaro. Sisi tunaoishi mlimani tunajua mitaro yetu ilivyo na kina. Gurudumu moja likitoka nje ya zege, Allah atuepushe. Vya mbele na nyuma ni vyembamba, lakini ni virefu, vinasumbua kugeuza na kupandisha ngazi. Kama njia yako ni ngazi tupu, kigari chochote kitakushinda.

3. Breki. Kigali ni mji wa vilima. Kijaribu kwenye mteremko kikiwa na mzigo wa kilo kumi ndani, mfuko wa mchele unatosha. Breki ikamate magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kukanyaga mara moja. Na mikoba ya sokoni usiitundike kwenye mshikio. Kigari kinaweza kupinduka kinyumenyume na watoto ndani.

4. Magurudumu. Madogo ya plastiki ni ya sakafu ya duka kubwa. Njia ya mawe na vumbi inataka magurudumu makubwa.

5. Uzito. Vigari vya mapacha vingi vina kilo 10 hadi 16 bila watoto. Mapacha wengi huzaliwa kwa upasuaji. Mama mwenye kidonda cha tumbo atainuaje mzigo huo kuuingiza kwenye teksi? Akijaribu mama mwenyewe, si baba.

6. Cha mtumba. Si vibaya, sisi wengi tumelelewa na mitumba. Lakini kagua mikanda, breki, na hasa pale kinapokunjwa. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitoa tangazo la usalama Marekani kuhusu vigari karibu milioni moja, kwa sababu vidole vya watoto vilikuwa vimekatwa kwenye bawaba za kukunjia, na wenye vigari wakapewa vifuniko vya bawaba. Vigari vya zamani vinaendelea kuzunguka dunia kwa miaka mingi. Kikiwa kimetengenezwa kwa soko la Ulaya, tafuta alama ya EN 1888, kipimo chao cha usalama wa vigari.

7. Kanga juu ya kigari. Sote tunafanya hivi, tunafunika watoto jua lisiwapige na macho ya watu yasiwafikie. Ndani ya kigari kilichofunikwa joto hupanda haraka na hewa haizunguki, nawe huwaoni. Tumia kivuli cha kigari au mwavuli, mbele pabaki wazi.

WANAOSEMA KANGA INATOSHA

Najua wapo wanaosema: mama zetu walilea mapacha bila vigari, huu ni uzungu tu. Ninawaheshimu, lakini tuseme ukweli. Mama zetu walikuwa na ua uliojaa watu. Mtoto mmoja yuko kwa mama, wa pili yuko kwa bibi, na shangazi yuko jikoni. Leo dada yako anakaa chumba na sebule, mume anatoka alfajiri, jirani hamjui. Watoto wawili mgongo mmoja haiwezekani. Bila kigari anafungiwa ndani miezi, na mama anayefungiwa peke yake huchoka mwili na moyo. Kwa hiyo mimi sipingi kigari. Ninapinga kigari kibaya kilichonunuliwa kwa haraka.

TUSAIDIANE

Jambo la mwisho ni la fedha. Mapacha hawaji na mishahara miwili. Kwa watoto wangu akika ilikuwa mbuzi watatu, wawili wa mvulana na mmoja wa msichana. Wenye wavulana wawili hesabuni wenyewe. Nepi mara mbili, nguo mara mbili. Kuongeza juu yake kigari cha fahari kitakachotumika mwaka mmoja au miwili ni israfu, hasa kwa kukopa.

Kwa nini akina mama wa kila msikiti wasiwe na kigari kimoja kizuri cha mapacha, kinacholala bapa, kinachozunguka? Familia moja ikimaliza, kinasafishwa, kinakaguliwa breki, kinakwenda kwa nyingine. Atakayekitoa atapata ujira wake kila kinaposukumwa. Kile chetu cha buluu tulikitumia watoto walipoanza kukaa wenyewe, na sasa kiko kwa familia nyingine. Nilipokitoa niliandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mshikio: "Si cha mtoto chini ya miezi sita." Nimeambiwa karatasi bado ipo.

Basi ndugu yangu, ukisikia mapacha wanakuja, usikimbilie dukani. Uliza mama anahitaji nini. Huenda mkono wako ukawa bora kuliko magurudumu manne.

Allah awahifadhi watoto wetu na awape nguvu wanaowalea. Amin.

Wabillahi tawfiq.