Daftari la Wiki: Utani wa Wautafutao Umri Mrefu

Katika mtaa wa Sharafiya, mjini Jeddah, ambamo wahamiaji wa kila jinsi, na wa Kerala zaidi, wameweka maduka yao, nimesikiliza wiki hii maneno yanenwayo mbele ya rafu za hina, habasoda na vidonge vya kurejesha ujana, nikabaini kwamba ni nadra mtu kuinunua dawa ya uzee pasipo kuisindikiza kwa utani. Shaibu mmoja wa kwetu, mtu wa Lamu, alipokuwa akichagua hina ya ndevu, kijana aliyefuatana naye alimwuliza, "Babu, wataka kuoa tena?" Naye akajibu kwa utulivu kwamba harusi hana haja nayo, ila Izraili amekwisha kumzoea na mvi zake, basi akimkuta na ndevu nyekundu huenda akadhani ni mtu mwingine, akapita. Kijana akaleta istighfari huku akicheka, na babu akacheka kuliko yeye. Nimeuthamini mzaha ule, kwa kuwa ndani yake mna ikrari ya mauti, ambayo wauza vidonge huificha.

*

Riyadh hulitazama jambo hili la dawa ya uzee kwa hesabu kubwa zaidi. Wakfu wa Hevolution, ulioasisiwa kwa amri ya kifalme mwaka 2018, umetangaza azma ya kutumia hadi dola bilioni 1 kwa mwaka katika utafiti wa kurefusha miaka ya siha; na Novemba 2023 ilitangazwa mjini humo tuzo ya XPRIZE ya dola milioni 101, kwa watakaoweza kuwarudishia wazee nguvu za misuli, akili na kinga ya mwili kwa kiasi cha miaka 10 angaa.

Wataalamu wa fani hii nao wana utani wao, na unaojulikana sana ni ule wa panya: kwamba habari njema zipo tele, kwa sharti msikilizaji awe panya. Rapamycin, dawa iliyotokana na udongo wa Kisiwa cha Easter, ilidhihirika mwaka 2009 kuwa yarefusha maisha ya panya hata wale walioanza kupewa uzeeni. Binadamu bado hajapata uthibitisho wa namna hiyo. Tena wako Steven Austad na Jay Olshansky, wanazuoni wa Marekani, waliowekeana dau mwaka 2000, kila mmoja akitoa dola 150, iwapo yuko mtu aliyekuwa hai siku zile atakayeuona mwaka 2150 naye ana miaka 150 na akili timamu. Na fedha hizo, pamoja na faida yake, watazichukua warithi wa mshindi. Hata Austad, anayeshikilia kwamba mtu huyo amekwisha kuzaliwa, hakudai kuwa ndiye yeye.

*

Lakini utani ulio bora kupita wote juu ya uzee nauona ni wa Hijazi hii hii. Imepokewa katika Shamaili ya Imamu Tirmidhi kwamba ajuza mmoja alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, amwombee kuingia peponi, akaambiwa kuwa pepo haiingiwi na ajuza. Alipogeuka akilia, Mtume akaamuru aelezwe kwamba hataingia hali ya kuwa ajuza, bali Mola atamuumba upya, kijana. Mzaha ule haukumwacha na machozi yake. Ulimfikisha kwenye bishara.

Pwani yetu mwendo huo tunao kati ya bibi na mjukuu, ambapo bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mjukuu humtishia kumletea mke mwenza, nao wote wawili wakafurahi, kwa kuwa uzee hautajwi hapo kwa aibu.

*

Tangazo limwonyeshalo mama mwenye mikunjo ya uso kana kwamba ametenda dhambi, kisha likamwuzia krimu ya kuifutia, limevuka mpaka wa utani na kuingia katika dhihaka, nami silioni kuwa na udhuru. Nawaomba vijana wetu walioko Jeddah na Riyadh, wafungao mizigo ya zawadi za kupeleka Mombasa, Tanga na Unguja: msimpelekee bibi krimu ambayo hakuiagiza. Mpigieni simu, mmtanie, na mmpe nafasi ya kuwajibu.