Hawapotei, Wanakufa kwa Saratani

"Zeruzeru hafi, hupotea." Kauli hii bado inasikika vijiweni, na mara nyingi anayeitamka hana nia mbaya. Lakini ni uongo, na uongo huu unaua.

Mtu mwenye ualbino anakufa kama mimi na wewe. Wengi wao wanakufa mapema, tena kwa ugonjwa unaojulikana: saratani ya ngozi. Mwaka 1985 Dk. Luande na wenzake walichapisha utafiti wa Dar es Salaam ulioonyesha kuwa saratani zilizokwisha kukomaa ziliwakuta hasa wenye miaka thelathini na kitu. Ndiyo maana mzee mwenye ualbino ni nadra kijijini. Hakupotea popote. Alifichwa ndani na kidonda chake, ndugu wakaona haya, akazikwa kimya kimya.

Ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Mama anayefukuzwa na wakwe anaonewa, maana mumewe naye alibeba kinasaba cha ualbino bila kujua, na kwa wazazi kama hao kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Anachorithi mtoto ni ngozi yenye upungufu wa melanini. Saratani inaletwa na jua, na jua linakingika. Kwa hiyo sikubali kuambiwa "ndivyo alivyozaliwa".

Hapa Mkumbara, tambarare ya mkonge chini ya milima ya Usambara, jua halina huruma. Mtoto mwenye ualbino akitumwa kuchunga mbuzi mchana, tunamuumiza. Akivuliwa kofia mstarini kwa sababu si sare ya shule, tunamuumiza zaidi. Avae kofia pana na mikono mirefu, akae kivulini kuanzia saa nne hadi saa kumi, apakwe mafuta ya kukinga jua. Mafuta hayo, Kilisun, yanatengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ngozi kama yake, na mabasi ya Moshi yanapita barabara yetu hii kila siku. Basi serikali ya kijiji na mganga wa zahanati wakae waseme yatafikaje hapa, na nani atazikagua ngozi za watoto hawa. Kigaga kinachotangulia saratani kikiwahiwa kinaweza kugandishwa au kukatwa kikaisha. Kikiachwa, safari inakuwa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, na wengi wanafika huko wamechelewa.