MLIMAU MLANGONI: PIPA LAKE LILITOKA WAPI?

Hata kama lupango wako ni mdogo, hata kama huna lupango bali baraza tu mbele ya mlango, unaweza kuwa na mlimau. Mti huu unakubali kuishi ndani ya chungu. Mama atachuma limau la kutia kwenye samaki bila kwenda sokoni, watoto watapata vitamini C, na maua yake yananukia vizuri sana jioni. Mimi ninao mmoja, nausifu kila siku. Lakini ukurasa huu ni wa usalama, na leo kabla ya mti nakuuliza habari ya pipa.

Jirani yangu, mtu wa kazi na mwenye akili, alinijia na furaha: « Mzee, nimepata pipa zuri. Kesho fundi atalikata katikati kwa shalimo, nipande milimau miwili. » Nikamuuliza lilikuwa na nini. Akajibu: « Mafuta. Lakini sasa ni tupu. »

Hapana, ndugu yangu! Pipa tupu si tupu. Mazutu, esanse au mafuta ya mashine yakiisha, kidogo kinabaki chini na katika mikunjo ya chuma, nacho kinatoa mvuke. Mvuke ule ukichanganyika na hewa ndani ya pipa, unangoja moto tu. Fundi akiweka shalimo, chuma kinapata joto, mabaki yanazidi kutoa mvuke, na pipa linapasuka kama baruti. Kifuniko kikiruka kinaweza kuua mtu. Kulisukutua kwa maji hakutoshi. Kuliacha wazi juani siku mbili hakutoshi. Kazini tunajua sheria hii: pipa halikatwi mpaka limesafishwa barabara na kupimwa. Sasa kwa nini tukifika nyumbani tunasahau, na tunalikata mbele ya watoto waliokuja kutazama cheche?

Utasema: basi nitachukua la plastiki, lile linakatwa kwa msumeno. Ngoja kwanza. Lilibeba nini? Katika viwanda vyetu mapipa hubeba asidi, chokaa, zantati ya kuelesha madini, na dawa nyingine nyingi. Plastiki inakunywa dawa. Unaosha ndani, inang'aa, lakini iliyokwisha kuingia haitoki kwa sabuni. Na zantati ikipata maji au asidi inatoa hewa ya sumu ambayo pia inashika moto upesi. Kama karatasi ya jina imetoka na hujui kilichokuwamo, liache pale pale. Kuna watu wanaoweka maji ya kunywa katika mapipa hayo. Hilo ni baya kuliko mlimau.

Nisiwalaumu watumishi peke yao. Kwa maoni yangu pipa la dawa lisitoke kiwandani likiwa zima. Lisafishwe na watu wanaojua, litobolewe, lipondwe. Pipa zima likiachwa karibu na mlango, litapata mwenyewe kabla ya jua kuzama, na sisi wote tunajua hivyo.

Jirani yangu alinuna kidogo, kisha akatafuta bido ya mafuta ya kula, ya lita 20. Hiyo ni njema. Alikata sehemu ya juu kwa kisu, akatoboa matundu 6 chini kwa msumari wa moto. Chungu cha udongo ni kizuri zaidi, kinapumua. Mti ukikua, baada ya miaka 2 au 3, utauhamishia chombo kikubwa zaidi.

Udongo nao uangalie. Mwaka 2009 wachunguzi wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba katika Katanga watu wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo kuliko wanaokaa mbali. Kwa hiyo usichote udongo kando ya kiwanda, wala kando ya barabara ya malori ya madini. Tunda la mti halinyonyi madini mengi kama mboga za majani. Hatari ni vumbi juu ya ganda, na mikono ya mtoto anayechezea udongo wa chungu kisha anakula. Osha limau kabla ya kulikata. Udongo mweusi wa mbali, mchanga wa mto kidogo na samadi iliyooza vyatosha. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, lakini peke yake chunguni unashika kama saruji.

Mche uliounganishwa ni bora kuliko mbegu. Mbegu itakuchelewesha miaka mingi, na miiba yake ni mirefu. Uweke mahali pa jua, mbali na macho ya watoto wadogo. Wakati wa kipwa tia kidole katika udongo: kikiwa kikavu mpaka kiungo cha pili, mwagilia. Usiache maji katika sahani ya chini, imbu watazaa humo. Usiku wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba, sogeza chungu karibu na ukuta.

Na mama, maji ya limau usiyaweke katika ndoo ya zinki wala chombo cha shaba. Uchungu wa limau unayeyusha chuma, na anayekunywa atatapika. Kioo au plastiki ya chakula ni salama.

Mlimau wa jirani sasa una maua. Jina la mafuta ya kula bado linasomeka kwenye bido, na bibi yake anasema ataishonea kitambaa.