Kiwanda cha mitraye kiende wapi?



Mimi ni mutoto wa mitraye. Ninasema hivi bila haya, sababu mu mwaka wa sita wa primeri nilinunua daftari zangu na franka za vyuma vya zamani: vipande vya kinga, masufuria yaliyotoboka, waya. Niliokota, nikapeleka kwa munua-mitraye mumoja nyuma ya soko, akapima kilo. Basi mutu asifikiri kama ninachukia kazi ile. Ni kazi ya maana. Ukiyeyusha aliminiamu ya sufuria ya zamani ili kutengeneza mupya, unabakiza karibu 95 kwa mia ya nguvu ile ingehitajika kwa kuitoa mu udongo.

Lakini kuko ulizo moja ambalo wakubwa wa mitraye hawalipendi: kiwanda kiwekwe fasi gani, na nani aliulizwa?

Tutazame muji wa Chicago, kule Marekani. Upande wa kaskazini, mu kartye ya Lincoln Park, kulikuwa kiwanda General Iron. Mashini yake ilimeza motokari nzima, ikaisaga vipande vipande. Lincoln Park ni kartye ya watu wenye mali. Walilalamika miaka mingi juu ya harufu na vumbi. Mwaka 2019 viongozi wa muji wakapatana na kampuni: kiwanda kifungwe, kazi ihamie fasi ingine. Mu mwezi wa tano 2020 kukatokea mulipuko pale pale, na mwisho wa mwaka ule mashini ikanyamaza.

Fasi ingine ni wapi? Ni kusini-mashariki, kando ya muto Calumet. Kule wakaaji wengi ni watu Weusi na watu wenye asili ya Meksiko. Viwanda vikubwa vya chuma vilifanya kazi pale tangu zamani. Vilikufa kimoja kimoja, kile cha Wisconsin Steel mu 1980, kile cha South Works mu 1992. Kazi ilikwenda, uchafu ukabaki mu udongo. Na haiko mbali na shule moja ya sekondari, George Washington. Wanafunzi sawa sisi.

Kampuni ilisema mashini ya kule itakuwa mupya, itafunikwa, itachuja vumbi, tena itatoa kazi. Labda ni kweli. Mimi sina vyombo vya kupima. Lakini tufikiri vizuri. Karatasi ya ruhusa inapima kiwanda kimoja, peke yake, sawa vile kingesimama mu pori. Kifua cha mutoto hakijui kupima vile. Kinavuta vumbi ya kiwanda hiki, ya kile cha jirani, ya kamyo na ya udongo wa zamani, vyote pamoja kwa pumzi moja. Hapa ndipo ninaona kosa lote.

Kampuni ilijenga kwanza, halafu ikangojea karatasi ya mwisho kutoka kwa Idara ya Afya ya muji. (Mutu anayejenga kabla ya jibu, amekwisha kujijibu.) Mu mwezi wa pili 2021 wakaaji kazaa wakakataa kula chakula, na kati yao walimu wa shule ile. Mufungo ule ulifika mwezi muzima. Mu mwezi wa tano mukubwa wa ofisi ya Leta inayolinda hewa na maji, Michael Regan, aliandikia Meya Lori Lightfoot barua, kwamba wachunguze kwanza hali ya afya ya watu. Walichunguza. Tarehe 18 mwezi wa pili 2022 Idara ikajibu hapana.

Mambo haikuisha pale. Mwaka 2023 hakimu mumoja wa kesi za muji alisema kama muji haukufuata sheria yake yenyewe kwa kukatalia kampuni, na kesi ikaendelea. Neno hili linanisumbua, sitalificha. Kampuni nayo ina haki ya kujua sheria kabla ya kutoa franka zake. Muji ungehesabu viwanda vya kule na kuuliza wakaaji mu 2019, siku ile ya mapatano, hakuna mwalimu angelala njaa na hakuna mashini ingesimama bure.

Sasa nirudi nyuma ya soko. Munua-mitraye wangu angali pale. Kila magaribi anachoma kamba za umeme ili plastiki iungue, abaki na mukuba. Moshi ni mweusi, unaingia mu nyumba za kando. Wamama wanaanua nguo na kufunga madirisha. Nguzo ya kilo zake niliisaidia mimi mwenyewe. Nilimuuliza juzi kama ana karatasi ya ruhusa. Alicheka, akasema: «Ee mutoto, unataka nipate karatasi ya kuchoma moto?» Sikujua kumujibu. Chifu wa kartye anapita pale kila siku, naye hajauliza.

Kamba zinaweza kuchunwa na kisu, bila moto. Inakawia, ndiyo, lakini mukuba unatoka safi. Mimi na wenzangu wawili wa mwaka wa tano tutakwenda kwake siku ya posho kumuonyesha. Mwenye kuwaza mbalimbali na mimi aandike, karatasi aiache kwa mwalimu anayetunza buletini, nitamujibu mu numero inayokuja.