Mgeni Aliyekwisha Kupewa Jembe

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeifundisha ubaoni miaka mingi, na kila mara niliwaeleza wanafunzi kwamba jembe lile si adhabu, ni hati ya uenyeji. Anayelima na wenyeji hula na wenyeji. Leo, katika uzee wangu, nimeona jinsi majimbo ya Marekani yanavyompa mgeni jembe, yakapokea mavuno yake, kisha wakati wa kula yakamwambia: wewe bado ni mgeni.

Mjukuu wangu ana miaka 25. Mwaka 2021 alipata kibali cha ukazi wa kudumu nchini humo, na baadaye akahamia jimbo jingine. Usiku alihudumia vikongwe katika nyumba ya kuwatunza, mchana akasoma chuoni. Alipanga chumba, akachukua leseni ya udereva, akalipa kodi ya mapato. Mwaka ulipotimia aliomba kulipa ada ya mkazi, maana katika vyuo vya majimbo ada ya mtu wa nje huweza kuwa maradufu au zaidi. Alikataliwa. Kwa nini? Kwa kuwa alianza masomo ya muda wote tangu mwezi wa kwanza. Walisema alikuja kusoma, hakuja kukaa. Mwenzake wa chumba kimoja, aliyepakia mizigo ghalani mwaka mzima bila kugusa kitabu, alikubaliwa.

Wala si kituko cha chuo kimoja. Majimbo mengi hudai miezi 12 ya ukazi, na sheria ya Florida, kwa mfano, haiyahesabu makao ya muda yanayotokana tu na kusoma chuoni.

Hoja yao naijua na siidharau. Vyuo hivi husaidiwa na kodi za wananchi wa jimbo, nao hawapendi kijana aje, asome kwa bei ya chini, aende zake. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ililikubali sharti la Minnesota la mwaka mmoja. Lakini mwaka 1973, katika kesi ya Connecticut, mahakama hiyo hiyo ilikataza jimbo kumhesabu mwanafunzi kuwa mgeni siku zote bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amekuwa mkazi.

Basi nauliza: nafasi hiyo ina faida gani ikiwa kodi, pango na kazi vyote hufutwa na daftari moja? Kama hofu ni kwamba kijana ataondoka, mpakia mizigo naye hana pingu mguuni. Sheria ya namna hii haipimi ukazi. Inampa tuzo aliyeweka kitabu chini. Mimi nimekuwa mwalimu mkuu. Nimewaona vijana walioaga darasa kwa mwaka mmoja tu, wakaapa kurudi, na sikuwaona tena.

Hapa nyumbani wamo wanaonishauri, "Mwambie aazime anwani ya shemeji yake." La hasha! Sikumfundisha kusoma ili asaini uongo. Hata hivyo nasema wazi: sheria inayomwadhibu mkweli hugeuka kuwa shule ya waongo.

Nilipokuwa kazini, Serikali yetu ilimpeleka kijana wa Kigoma kusoma kidato cha tano Tanga, na hakuna aliyemdai ada ya ugeni. Nitajibiwa kwamba mikoa yetu si majimbo yenye hazina na kodi zake. Ni kweli. Lakini Minnesota na Wisconsin, majimbo yenye hazina mbalimbali, yamepatana kuwapunguzia wanafunzi wa upande wa pili. Basi mpaka huu unaweza kulegezwa wenyewe wakipenda.

Siombi sadaka. Naomba miezi 12 ihesabiwe kuwa miezi 12, hata kwa aliyeipitisha na kitabu mkononi. Apimwe kwa kodi aliyolipa, chumba alichopanga na jasho alilotoa. Kijana huyu amewaogesha wazee wa jimbo lile usiku kucha. Kama huo si uenyeji, basi jembe lile walimpa la nini?