Viraka Katika Nafsi ya Daktari

Kupenda hadithi si kosa, na kuipenda mno si dhambi. Lakini pendo likimzuia mtu kuona kasoro ya akipendacho, pendo hilo limegeuka kuwa kitambaa cha macho. Nasema haya kwa ajili ya mtindo wa usomaji uliozaliwa miongoni mwa wapenzi wa michezo ya televisheni, na ambao sasa umebisha hodi katika madarasa ya fasihi. Mtindo wenyewe ni huu: tabia ya shujaa inapobadilika, msomaji hamwulizi mtungaji sababu. Hutunga nadharia, akaipachika ndani ya hadithi, ili mabadiliko yaonekane kuwa yalikusudiwa tangu mwanzo. Nitauonyesha ubaya wake kwa mfano wa mchezo wa Kiingereza uitwao Doctor Who, kwa kuwa ni shida kumpata shujaa mwingine aliyebadilika mara nyingi kama wake.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Shujaa wake huitwa Daktari tu. Ni mgeni wa sayari nyingine, asafiriye katika wakati na anga ndani ya chombo chenye sura ya kibanda cha polisi. William Hartnell ndiye aliyemwigiza kwanza. Ilipofika mwaka 1966 afya ya Hartnell ilikuwa imedhoofika, na wakubwa wa mchezo walitaka uendelee. Wakabuni kwamba Daktari, mwili wake ukichakaa, huweza kujivua sura moja na kuvaa nyingine. Patrick Troughton akashika nafasi, akauweka kando ukali wa babu, akaleta vichekesho vya mzururaji mpiga filimbi. Tangu siku hiyo kila mchezaji ajaye huja na uso wake na hulka yake. Basi chanzo cha muujiza huu ni ugonjwa wa mtu mmoja na haja ya kazi ya watu wengi, wala katika chanzo hicho hamna aibu.

Wapenzi wa mchezo hawakuridhika nacho. Katika hadithi ya mwaka 1969 iitwayo The War Games, Daktari wa Troughton alitiwa mikononi mwa watu wa asili yake, Mabwana wa Wakati, ambao aliwatoroka zamani na kuwaogopa mno. Wakamhukumu uhamisho na kubadilishwa sura. Mwaka 1985 Troughton alialikwa tena katika The Two Doctors, iliyotungwa na Robert Holmes. Alikuja na mvi kichwani, na safari hii alikuwa akitumwa na Mabwana wale wale. Sababu ni nyepesi: miaka 16 ilikuwa imempitia mchezaji, na mtungaji alihitaji Daktari wa namna hiyo kwa hadithi aliyokuwa nayo. Lakini wapenzi walibuni msimu mzima ambao haukuchezwa kamwe, wakauita msimu wa sita B, wakasema kwamba baada ya hukumu Daktari aliahirishiwa adhabu, akafanywa mtumishi wa siri. Terrance Dicks, mmoja wa watungaji wawili wa The War Games, aliipokea nadharia hiyo katika riwaya yake World Game ya mwaka 2005. Werevu wake siukatai. Nakataa werevu kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Madhara ya kwanza ya nadharia za namna hii ni kuua hukumu. Mwaka 1984 Colin Baker alishika nafasi ya Daktari, na katika hadithi yake ya kwanza, The Twin Dilemma, alimkaba koo Peri, msichana aliyekuwa msafiri mwenziwe. Hadithi yenyewe ilitoa udhuru kwamba akili ya Daktari ilikuwa haijatulia baada ya kubadilika, na watetezi wake wakaushika udhuru huo wakaurefusha. Lakini mtayarishaji John Nathan-Turner na mhariri wa hadithi Eric Saward walikuwa wamekusudia Daktari mkali, asiyependeka upesi. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wazima wenye akili zao, na uamuzi wa watu huweza kupimwa ukaitwa mwema au mbaya. Mimi nauita mbaya, kwa sababu ulifanya koo la mwanamke kuwa mahali pa kuonyeshea kwamba mwanamume ana tabia mpya. Asemaye kwamba yalikuwa maradhi ya kubadilika sura amefunga mlango wa mjadala, maana maradhi hayashitakiwi.

Madhara ya pili ni kumnyima mfanyakazi sifa yake. Ncuti Gatwa alizaliwa Kigali mwaka 1992, familia yake ikakimbia mauaji ya mwaka 1994, naye akakulia Scotland na kusomea uigizaji Glasgow. Alimwigiza Daktari tangu mwaka 2023 hata 2025, na Daktari wake alicheza dansi, akalia mbele za watu, akapenda bila kujificha. Katika The Giggle ya mwaka 2023 ilielezwa kwamba Daktari aliyetangulia alibaki nyuma kuponya huzuni zake, na uponyaji huo ukamfaidi mrithi. Wapo walioridhika hapo: uchangamfu wote wa Gatwa wameutia katika hesabu ya uponyaji ule, kana kwamba uso, sauti na machozi havikuwa kazi ya mtu aliyejifunza kazi yake. Hivyo ndivyo kijana wa Kigali anavyofanya kazi, na ujira wa sifa ukapokewa na kipengele cha hadithi.

Kuna tukio moja ambalo ningependa kila mwenye nadharia alitazame. Katika The Brain of Morbius ya mwaka 1976, Daktari alishindana kwa nguvu za akili na adui yake, na kiooni zikapita sura nane zisizojulikana. Wengine walisema ni sura za Daktari kabla ya Hartnell. Wengine wakasema ni za adui. Ubishi ukadumu miaka 44, hata hadithi ya mwaka 2020, The Timeless Children, ikampa Daktari maisha mengi yaliyosahauliwa. Lakini sura zile zilikuwa za nani? Zilikuwa za watu wa kazi: mtayarishaji Philip Hinchcliffe, mhariri Robert Holmes, mwongozaji Christopher Barry, na wenzao watano. Wapenzi waliangalia nyuso za watengenezaji wa Daktari waziwazi, wakaulizana ni nani hawa.

Najua nitajibiwa na wanafunzi waliomsoma Roland Barthes kwamba mtungaji alikwisha kufa mwaka 1967, na kwamba maana ni mali ya msomaji. Sawa, na tumzike. Akiisha kuzikwa linabaki andiko, na andiko lina nyufa zake. Kiraka hakimo katika andiko kama vile nia ya mtungaji isivyokuwamo. Aliyemfukuza mtungaji mlangoni hana haki ya kuingia mwenyewe kwa dirisha na kuketi katika kiti chake.

Wala si kila nadharia ni kiraka. Katika hadithi ya kwanza kabisa ya mwaka 1963, Daktari aliokota jiwe karibu na mtu aliyejeruhiwa, na mwalimu Ian akamshika mkono. Baadaye Daktari yule yule, kwa uso ule ule wa Hartnell, akawa mpole na mtetezi wa wanyonge. Asemaye kwamba alifundishwa wema na walimu wawili aliosafiri nao ametoa hoja inayoweza kupimwa: tutazame kipindi baada ya kipindi, tukubali au tukatae. Huo ni usomaji. Kipimo ni kimoja: je, nadharia yaturudisha kwenye andiko, au yatuondoa?

Swali hili si la wapenzi wa televisheni peke yao. Mwanafunzi akutapo mhusika wa riwaya aliyekuwa jasiri katika sura ya tatu akawa mwoga katika sura ya tisa, mara nyingi humtungia utoto wa huzuni ambao haukuandikwa, akaona amefanya uhakiki. Nasi walimu tukimpa alama kwa werevu huo, twamfundisha kusamehe kabla ya kushitaki. Ufa uachwe uonekane, na fundi aulizwe. Huenda alikosea, huenda aliugua, au aliharakishwa, au alifukuzwa kazini. Yote hayo ni habari za watu, na fasihi ni kazi ya watu.